Neno Moja kwa Kapu la Muhogo

Mjukuu wangu anasomea ualimu hapa Kasulu, na kila Jumapili huja kula kwangu. Ana daftari lake, si la masomo. Ni la maneno ya Kiingereza cha mtaani, yale wanayoyaokota kwenye simu, na mbele ya kila neno ameandika maana yake kwa mwandiko safi. Jumapili moja, maharage yakiwa bado jikoni, akaanza kunisomea. *Cringe*, aibu unayomwonea mwenzako anapojidhalilisha. *Ghost*, kumkimbia mtu kimya kimya, simu yake hupokei. *Slay*, kupendeza mpaka watu wakome.

"Chagua moja bibi, nikufundishe."

"Mimi ninayo yangu."

"Ya Kiingereza? Wewe?" Alicheka mpaka akashika ubavu.

Nikamtolea. Blaimi. Kapa. Grabu. Nakadi. Nayaandika hapa kama yalivyoingia sikioni, maana sijayaona yameandikwa hata siku moja. Nilikuwa sijayatamka kwa zaidi ya miaka hamsini, na yalitoka mazima kama yamewekwa kwenye chumvi. Mtoto akaacha kucheka. Akauliza simu yake, simu ikamjibu.

"Yapo kweli, bibi! Lakini haya ni ya wazee. Vijana wa huko hawayasemi tena. Si unajua maneno haya yanachacha? Hili langu la mwaka juzi ukilisema leo wanakuzomea." Akachukua kalamu, akalikata lile la mwaka juzi kwa mstari mmoja, akafungua ukurasa mwingine.

Mimi nikaenda jikoni kuangalia maharage. Nilisimama katikati ya moshi, kwa sababu ukiwa kwenye moshi hakuna anayekuuliza una nini.

Nikuambie mapema, ndugu yangu, usije ukadhani nakuletea hadithi ya kuchekesha. Mimi si mtu wa kulialia. Shule niliachia darasa la tatu, na leo nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya bati ambayo hakuna mwanaume anayeweza kusema alinijengea. Lakini maneno yale ya wazee wa Kiingereza yalituondolea mtu. Mama yangu mdogo alikufa kwa sababu ya hayo, na aliyeyasema ni mimi. Mtoto aliyemwacha, mdogo wangu, ameolewa Titye, yuko hai, na mpaka Jumapili ile alikuwa hajui.

Kwetu kulikuwa mlimani, upande wa Kibondo. Usiende kutafuta, hakuko tena. Walipotukusanya vijijini baadaye, kila mji uliachwa, na migomba ikajiotea yenyewe mpaka ikachoka. Lakini wakati huo ninaousema, kulikuwa na nyumba kumi na kitu zimetawanyika mlimani, na chini bondeni mto mdogo wenye mashimo ya kulowekea muhogo. Baba na mama walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda wengi wa Uha, na barua zao zilikuwa chache. Nililelewa na bibi, na zaidi ya bibi nililelewa na mama mdogo. Alikuwa msichana mkubwa mwenye mikono mirefu na sauti ya kuita mpaka mlima wa pili. Alinisuka, alinichapa, alinificha bibi alipotaka kunichapa. Nilimwita mama, wala hakunirekebisha.

Kazi yetu wasichana ilikuwa muhogo. Muhogo wa kwetu ni mchungu, huwezi kuula hivihivi. Tunauchimba, tunaubeba bondeni, tunaumenya, tunaulaza majini siku tatu nne, ndipo tunauanika juu ya mawe. Harufu ya lile bonde! Watumishi waliotoka mikoa mingine walipita wamebana pua. Kwetu ile ilikuwa harufu ya kushiba. Mpaka leo nikipita mahali wameloweka muhogo, njaa hunishika hata kama nimetoka mezani.

Basi pale kwenye kumenya ndipo palikuwa na soko letu. Binti wa mpishi alikuwa mwenzetu. Baba yake alipika misheni, kwenye nyumba ya sista wa kizungu aliyeshika zahanati, na mle ndani alikuwemo pia fundi wa kizungu aliyeendesha gari na kutengeneza jenereta. Sista alisema Kiingereza cha vitabu. Fundi alisema cha kwake, cha huko alikokulia kwenye vichochoro, na hicho ndicho binti wa mpishi alituletea bondeni. Neno moja kwa kapu moja. Ukitaka neno, unammenyea kapu zima la muhogo, yeye amekaa ananyoosha miguu.

Na haikuwa kusema tu. Sheria ilikuwa kwamba neno lazima uwe umelisikia kwa masikio yako, na maana huielezi, unaionyesha. Aliponiuzia nakadi, alitembea kutoka jiwe hadi jiwe amelegea magoti, mikono inaning'inia, ulimi nje, akajitupa chini. Tukapiga kelele: "Kuchoka!" Akainua kidole. "Si kuchoka. Kuchoka mpaka mifupa." Blaimi ni la kushtuka, kama umekanyaga chura. Kapa ni chai. Grabu ni chakula, lakini chakula cha mtu mwenye njaa, si cha mgeni. Kipu ni kausingizi kafupi. Skinti ni kutokuwa na kitu mfukoni, akageuza ncha ya khanga ambayo hata mfuko haikuwa nao. Gafa ni mkubwa wa kazi. Chiirio ni kwaheri ya mtu asiye na huzuni.

Mwalimu wetu alitoka pwani, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni. Siku moja tulipotoka darasani nikamwambia chiirio. Alinirudisha.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Bondeni, mwalimu."

"Hicho ni Kiingereza cha makuli. Kitabuni hakimo."

Alidhani amenikomesha. Mimi nilitoka pale kichwa juu. Kama kitabuni hakimo, basi ninacho kitu ambacho mwalimu hana.

Wenzangu walikuwa na vitu vya kubadilishana. Mmoja kaka yake alikuwa karani, akaleta maneno yake mawili. Mimi sikuwa na ndugu kokote, kwa hiyo nilimenya. Nina makovu kwenye kidole hiki cha shahada, yahesabu, kila moja ni kisu kilichoteleza kwenye kapu la mtu mwingine. Msimu ulipokwisha nilikuwa na maneno manane. Nililala nayo, niliamka nayo. Mama mdogo, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa, alinisikia nayarudia kwenye kinu. Akasema, "Siku ukimkuta mzungu utamfanyia nini na hivyo vikorokoro?" Nikasema nitamsalimia. Akacheka, akashika tumbo. "Mwambie basi na mimi ni nakadi."

Alijifungua asubuhi, wakati wa kwenda shamba. Bibi ndiye aliyekuwa mkunga wa mlima wote, sikuwahi kumwona akihangaika. Nilikuwa nje nasikiliza. Mtoto akalia, nikaruka kwa furaha. Bibi akatoka, mikono myekundu mpaka viwiko, akanishika bega.

"Wewe mtoto, kimbia misheni. Usisimame na mtu. Ukimkuta sista sema maneno matatu tu. Mtoto ametoka. Kondo limekataa. Damu. Umeyashika?"

"Nimeyashika."

"Yaseme."

Nikayasema kwa Kiha, kama alivyonipa. Sista Kiha alikijua. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, angeweza hata kumtukana mbuzi wake kwa Kiha.

Nilikimbia. Hilo ninajisifia, nilikimbia vizuri. Mlima wa kwanza nikaumaliza, mto nikauvuka bila kutafuta mawe, mlima wa pili nikaupanda nikiwa naona nyota mchana. Njia nzima nilikuwa nayarudia yale matatu. Mtoto ametoka, kondo limekataa, damu.

Niliwakuta barazani wanakunywa chai, sista, fundi, na mama mmoja wa kizungu aliyekuwa mgeni. Gari lilikuwa uani, nililiona kwa macho yangu. Nilifika nimeinama, pumzi haipo, nimeshika magoti. Fundi akaniuliza kitu, nadhani aliniuliza vipi. Nikainua uso nijibu.

Nikasema, "Nakadi."

Sijui niseme nini kuhusu hapo. Nilikuwa nimechoka kweli mpaka mifupa, na neno lilikuwa langu, nimelimenyea. Lilitoka.

Halafu yule fundi akacheka kicheko ambacho sijawahi kusikia mtu akimcheka mtoto vile, kicheko cha furaha tupu, akaweka kikombe chini, akapiga goti lake. Akanionyesha kidole niseme tena. Nikasema tena. Akanyanyua kikombe chake akaniuliza kwa macho. Nikasema, "Kapa!" Yule mama mgeni akapiga makofi. Wakanivuta kiti, wakanimiminia chai yenye maziwa na sukari nyeupe, wakanipa biskuti. Nikawapa grabu. Nikawapa skinti pamoja na khanga. Nikamnyooshea fundi kidole nikamwita gafa, sista akacheka mpaka akafuta machozi. Kila neno walilishangilia kama mtu aliyefunga goli. Kule bondeni nilikuwa mmenya muhogo wa watu. Pale barazani wazungu watatu walikuwa wananisubiri mimi niseme.

Na yale matatu ya bibi? Yalikuwapo. Usinidhanie nilisahau, heri ningekuwa nimesahau. Nilijua kabisa yapo, yamekaa nyuma ya yale manane, na kila nilipomaliza neno moja nilijiambia, likiisha hili linalofuata nitayatoa.

Nikiwa nimebakiza moja akaja mzee mmoja mbio kutoka ng'ambo ya pili. Mrina asali ameanguka kutoka juu ya mti, mguu umevunjika. Fundi akakurupuka, akapandisha machela, gari likaondoka na vumbi lake. Mimi nikapunga mkono, nikasema neno langu la nane. Chiirio.

Ndipo sista akanigeukia, bado anatabasamu, akaniuliza kwa Kiha, "Na wewe, umetumwa na nani?"

Nikayatoa yale matatu.

Sitasahau uso wake ulivyobadilika. Hakunipiga. Alichukua mkoba wake, akaondoka kwa miguu, yeye mtu mzima mwenye viatu vizito, na mimi nyuma yake, ile milima miwili. Tulipofika, bibi alikuwa amekaa mlangoni ananawa mikono. Alikuwa ananawa polepole sana, nikajua.

Bibi akamtazama sista. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Mbona gari halikuja?"

Sista akanitazama, akamtazama bibi. "Gari lilikuwa limetoka," akasema.

Mpaka leo sijui alinificha mimi au alijificha yeye. Naye kikombe chake alikuwa amekimaliza.

Basi hilo ndilo likawa neno la nyumba yetu. Gari lilikuwa limetoka. Bibi alilisema kwa waombolezaji. Baba yangu alipokuja kutoka mkongeni aliambiwa hivyo hivyo. Mdogo wangu nilimbeba mimi mgongoni, nilimnywesha maziwa kwa kijiko na uji wa ulezi, nikaacha shule kwa ajili yake, na watu wakanisifu kwamba nina moyo. Alipokua akauliza mama yuko wapi, bibi akampa hilo hilo. Amekua nalo kama mtu anavyokua na kovu. Watoto wake sita amewazaa nyumbani, hospitali aliikataa. Ukimwuliza anasema, "Gari la watu huwa limetoka." Nami nilikuwa namsikia, nanyamaza. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ya bibi. Bibi alipokufa nikanyamaza kwa mazoea.

Binti wa mpishi alikuja baada ya matanga, akaniletea neno jipya bila kapu. Nikaziba masikio.

Sasa nilipomwona mjukuu wangu anakata lile neno lake la mwaka juzi kwa kalamu, nilijiona ni mjinga aliyefuga kitu chumbani miaka yote hiyo, kumbe wenye kitu walishakitupa zamani. Kilichomtoa mama mdogo roho hakina hata anayekisema. Siku ya pili nikapanda basi la Titye.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage. Nikaketi ubavuni mwake, nikavuta ungo, tukachambua wote kama siku zote.

"Umekuja bila simu, dada. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mashine imeungua."

"Mashine nzima. Nimekuja kukuambia habari ya mama yako."

Nikamwambia. Sikupunguza, nilianzia bondeni nikafika mlangoni kwa bibi. Yeye anachambua, mawe kule, maharage huku. Nilipomaliza, akauliza.

"Chai ilikuwa ya moto?"

"Ya moto."

"Ukaipuliza?"

"Nikaipuliza."

"Biskuti ngapi?"

"Mbili."

"Mbili." Akatupa jiwe. "Na kwa nini unaniambia leo?"

"Nimezeeka, mdogo wangu. Sitaki kuondoka nalo."

"Umezeeka wewe. Mimi nimekosa nini?"

Nimejibizana na wanunuzi, na maofisa wa ushuru, na wanaume wawili niliowahi kuishi nao, sijawahi kukosa jibu. Pale nikainama, nikaokota jiwe kwenye ungo.

"Yaseme," akasema. "Hayo maneno. Niyasikie."

"Ya nini sasa?"

"Yaseme, dada. Wazungu waliyasikia, mimi mtoto wa marehemu nisiyasikie?"

Nikayasema yote manane, moja moja, pamoja na maana zake. Sikucheza, nilisema tu. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayeonjeshwa kitu na kutafuta utamu uko wapi. Kuku walipita. Wajukuu zake ndani walikuwa na redio.

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

"Hakuna mengine?"

"Hakuna."

Akanyanyuka, akabeba ungo wake, akaingia ndani. Jioni mkwe wake aliniletea ugali na migebuka, nikala peke yangu.

Lile bonde siku hizi limepandwa mikaratusi, mashimo yamekauka. Misheni ina watu wengine, hata wao hawamjui sista aliyewahi kukaa pale. Binti wa mpishi alifia Kigoma. Wajukuu zangu Kiha wanakisikia kwa shida, nikiyasema yale matatu ya bibi kama yalivyokuwa, nusu yao wataniuliza maana yake. Katika watu wote waliokuwepo asubuhi ile, waliobaki ni wawili, mimi na aliyezaliwa.

Kulipokucha nilitoka nje, mkeka ulikuwa umeshatandikwa uani, na mdogo wangu amekaa pale pake. Nikaenda ili niketi kama kawaida. Aliponiona nakaribia, akanyanyuka upesi. Akaingia ndani, akarudi na kiti, kile cha mbao wanachomtolea mwenyekiti wa kijiji na padri. Akakipangusa kwa ncha ya khanga yake. Akakiweka mbali kidogo na mkeka, akapiga makofi taratibu na kuinama, kama tunavyowaheshimu watu wa mbali.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha. "Karibu, mgeni. Keti."

Nikakaa juu ya kile kiti.